Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanaopotea Baada ya Kipimo

Ndugu wanachama,

Mwanzoni mwa mwaka tulimpima mama mmoja saratani ya mlango wa kizazi. Akakutwa na kidonda cha kutia shaka, akaandikiwa rufaa. Miezi minane baadaye nilimkuta sokoni, karatasi ya rufaa bado ameifunga kwenye pindo la kanga. "Natafuta nauli, mwenyekiti," akaniambia. Alikuwa ameshaanza kutokwa damu.

Huwa tunasema wanawake wanaogopa kipimo. Wapo wanaoogopa, lakini foleni zetu mwaka huu zilikuwa ndefu. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi anapaka siki maalumu, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama kuna weupe. Mabadiliko ya awali hutibiwa siku hiyohiyo, ilimradi kifaa kipo na mtungi wa gesi haujaisha. Wanaotupotea ni wale ambao tatizo limeshavuka hapo. Lazima wakatwe kipande kidogo cha nyama ya kupimwa maabara, wasubiri majibu, kisha wasafiri, kwa sababu tiba ya mionzi haipo wilayani. Ipo kwenye hospitali chache kubwa, kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza, na matibabu huchukua wiki kadhaa. Hata anayesamehewa gharama za hospitali bado anatafuta pa kulala, chakula cha anayemuuguza, na mtu wa kubaki na watoto.

Hapa uongozi ulikosea, na mimi wa kwanza. Tulihesabu waliopimwa, hatukuandika namba za simu za waliopewa rufaa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tupunguze siku za uchunguzi, na fedha hizo ziwe nauli na malazi. Kila mwenye rufaa apangiwe mwanachama wa kumfuatilia mpaka aanze matibabu. Tuanze na wanaoishi na VVU, maana hatari yao ya kupata saratani hii ni takribani mara sita ya wanawake wasio na VVU. Najua idadi ya waliopimwa itashuka na baadhi yenu hamtapenda. Naomba mkubali.

Kuhusu chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, inayotolewa nchi nzima tangu 2018, kazi imekuwa nyepesi: tangu 2024 msichana anachanjwa mara moja tu. Wanachama walimu, endeleeni kuzungumza na wazazi.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Yule mama ameanza mionzi wiki iliyopita. Amepokelewa nyumbani kwa mwanachama wetu aishiye Dar es Salaam.