Barua kwa Mwanangu Aliyechagua Maigizo

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mkomani, Lamu, tu wazima, ila kusi limeingia na bahari imechafuka. Tangu uondoke nimekuwa nikiufikiria mchezo mliouonyesha Mkunguni, mbele ya Ngome, mkiwahimiza wavuvi wagomee bei ya madalali hata ikibidi walale na njaa. Mlisema vizuri, sikatai. Lakini nilimwona mzee mmoja akikunja jarife lake, wavu wake wa kuvulia, na kwenda zake kabla hamjamaliza, na kesho yake nyinyi mkavuka hadi Mokowe, bara, kukamata basi la Nairobi.

Ndipo nikamkumbuka Augusto Boal, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1931, akasomea uhandisi wa kemikali, kisha kuanzia 1956 akawa mwongozaji wa michezo katika kundi la maigizo la Teatro de Arena mjini São Paulo. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja yeye na wenzake waliwaimbia wakulima maskini wa kaskazini-mashariki, bunduki mikononi, kuwa damu haina budi kumwagwa kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja, Virgílio, akawaomba wachukue bunduki zao waende naye kupambana na watu wa kabaila. Ikawabidi wakiri kwamba bunduki zile ni za kuigizia tu, na Virgílio akafahamu kuwa damu iliyokuwa ikiimbwa ni ya wakulima peke yao. Aibu ile Boal hakuisahau.

Utawala wa kijeshi ulimkamata mwaka 1971, akateswa, akaenda uhamishoni. Akiwa Peru, mwaka 1973, mwanamke mmoja kati ya watazamaji alitoa shauri juu ya mume mwongo aliyekuwa katika mchezo, na kila waigizaji walipolijaribu akasema sivyo. Boal akamwambia apande jukwaani mwenyewe. Bibi yule akashika ufagio akamtandika mwigizaji wa watu! (Nilicheka hadi baba yako akauliza kuna nini.) Tangu hapo, katika maigizo yake, mtazamaji aliweza kuusimamisha mchezo na kuingia kuonyesha njia yake. Baadaye, akiwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996, mambo yaliyoibuka katika maigizo ya aina hiyo yalizaa sheria za jiji. Alifariki mwaka 2009.

Mzee wa jarife nimeshamfuata. Amesema mkirudi atakuja, kwa sharti kwamba dalali aigize yeye, kwa kuwa nyinyi hamjui dalali anavyozungumza.

Mamako