Barua kwa mdogo wangu wa Dar: kahawa ndiyo iliyokusomesha

Mdogo wangu, marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani.

Krismasi tulipokutana Marangu ulinifurahisha kwa mengi, ila lile neno ulilowaambia vijana wa bodaboda limenikaa kooni. Kwamba nawe umetoka kijiji hichohicho, ukapambana, na aliyebaki ni mvivu tu. Walicheka kwa adabu. Mbege si ulikuwa unalipia wewe?

Kupambana ulipambana, silikatai. Lakini babu alikuwa na kahawa, na alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933 ili wakulima wa mlimani wauze kahawa yao kwa pamoja. Hela ya kahawa ikamsomesha baba, baba akawa mwalimu, na mshahara wake ukatusomesha sisi. Nyumbani kulikuwa na taa, vitabu, na mzazi anayejua kusahihisha hesabu. Hata bei ya kahawa ilipoporomoka, sisi tulikuwa tumeshavuka.

Sasa mkumbuke yule bodaboda wa koti la kijani. Mlisoma wote mpaka darasa la saba. Baba yake alipanda huku kutoka tambarare, akawa kibarua wa kuchuma kahawa kwetu. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hawana, na mlimani asiye na kihamba huitwa mgeni hata akizeeka hapa. Kwenye hesabu alikuwa anakushinda, usijifanye umesahau! Wewe ukapelekwa bweni la kulipia. Yeye akaenda shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa harakaharaka baada ya MMES, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza mwaka 2004, akafika kidato cha nne hajawahi kumwona mwalimu wa fizikia. Ada ya sekondari za serikali inafutwa mwaka 2016, yeye tayari analea.

Na kihamba chetu ulipewa wewe, kitindamimba wa kiume. Mimi niliyekubeba mgongoni nilipewa vitenge na baraka. (Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inanipa haki sawa na yako, ila wazee wa ukoo hawajafika ukurasa huo.) Leo sikidai. Nami nimebebwa vilevile: kazi yangu hapa Moshi mjini nilidokezwa na mtu aliyekuwa akisali na baba.

Mwaka juzi ulileta mipira na jezi shule ya msingi ya kijijini, mkapiga picha, watoto wakafurahi. Mwalimu mkuu ananiambia wapo wanaoshinda njaa hadi saa tisa kwa sababu kwao hawajatoa mchango wa chakula. Kufuta ada hakukuleta makande. Naomba tubebe mchango wa watoto hao mimi na wewe. Mahindi na maharage tununue tambarare wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuhifadhi stoo ya shule. Majina abaki nayo mwalimu, mtoto asije akachekwa foleni. Picha tuache.

Halafu binti wa mwenzako huyo wa koti la kijani amechaguliwa kidato cha kwanza, bweni la serikali. Ada hakuna, lakini orodha waliyopewa ina godoro, tranka, shuka, sare, viatu na ndoo, na baba mtu bado analipa mkopo wa pikipiki. Usinitumie mimi hela nimpelekee. Mpigie mwenyewe, muongee kama mlivyokuwa mkiongea darasani, namba yake nimekuwekea WhatsApp. Wanaripoti Jumatatu.

Dada yako,
Moshi