Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka tukiwa wazima. Mwenzetu mmoja amehamia Dodoma kikazi, tunamtakia heri huko aliko.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Mchezo wetu wa vita vya vijisanamu mezani tuliucheza karibu kila Jumamosi, isipokuwa siku za sikukuu na Jumamosi mbili ambazo umeme ulikatika. Ligi ya Warhammer 40,000, kwa majeshi ya thamani ya pointi 1,000 kila moja, ilifika mwisho, na jeshi la Necron limechukua ubingwa kwa mara ya pili. Siku ambazo watu walikuwa wachache tulicheza Kill Team, ambayo ni ya vikosi vidogo vya askari wachache. Meza ya pili imekamilika. Mandhari yake ni mawe halisi ya Mwanza yaliyookotwa Kirumba na Capri Point, maana haikuingia akilini kuchonga povu ili lifanane na jiwe ilhali mji wetu wote umekaa juu ya mawe. Wazo hilo nililitoa mimi kwenye kikao cha Januari. Naomba tu kila mmoja awe mwangalifu: jiwe halisi huchubua rangi, kwa hiyo kijisanamu kinainuliwa na kuwekwa, hakiburutwi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana vijiweni na kwenye simu, na ambalo mimi kama Mwenyekiti nina wajibu wa kulieleza: uamuzi wa kuzuia majeshi ya kijivu, yaani vijisanamu vya plastiki visivyopakwa rangi, mezani kuanzia Juni 1.

Februari tulialikwa kuonyesha mchezo wetu kwenye shule moja ya sekondari upande wa Nyegezi. Tulipeleka vijisanamu zaidi ya 140. Vilivyopakwa rangi vilikuwa 23. Mama mmoja, mzazi, alikishika kijisanamu cha Ork, akakigeuza juu chini, akaniuliza kwa upole, "Baba, hivi havijamaliziwa kiwandani?" Sikuwa na jibu. Wakati huohuo watoto walikuwa wamejazana upande mmoja tu wa meza, kwenye askari watano wa Space Marine wenye deraya za bluu iliyokolea. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa hadi usawa wa meza, anahesabu mikwaruzo iliyochorwa kwenye bega la askari kwa ncha ya brashi. Askari wale watano niliwapaka mimi kwa usiku sita. Silisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema ili mjue kwamba sikuleta hoja ya rangi kwa kukaa ofisini na kutunga amri.

Machi nikaleta hoja kwenye kikao: kila kijisanamu kinachopanda mezani Jumamosi kiwe na rangi zisizopungua tatu, na kitako chake, kile kibao kinachokisimamisha, kiwe kimemaliziwa. Akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama 31, yaani 11. Tulikuwa 11. Sita walikubali, wanne walikataa, mmoja hakupiga kura. Wapo wanaosema mjumbe wa kumi na moja aliingia kura zikiwa zimeshaanza. Si kweli. Alikuwa mlangoni anamalizia kuongea na simu, na Katibu alimwandika mahudhurio kabla ya hoja kusomwa. Daftari lipo, anayetaka alione. Na kama wanachama 20 wanaolalamika leo wangekuja siku ile, ningeheshimu kura yao.

Nimeambiwa pia kwamba sheria za mchezo hazimkatazi mtu kucheza na plastiki tupu. Ni kweli, hazimkatazi. Lakini tangu toleo la 9 la mwaka 2020, hadi toleo la 10 la 2023 tunalolitumia, jeshi lililopakwa rangi hupata pointi 10 za ushindi kati ya 100. Wenye mchezo wao wameona rangi ina uzito, sisi tumeongeza hatua moja. Mtu anapotumia saa tatu akitazama jeshi la mwenzake, ana haki ya kuona kitu.

Malalamiko ya gharama nayapokea kwa uzito zaidi. Rangi maalumu za vijisanamu zinatoka nje na ni ghali, kikopo ni kidogo mno. Ndiyo maana mimi na Mweka Hazina tulizunguka Makoroboi na maduka ya vifaa vya shule tukanunua akriliki za kawaida, ambazo ukizizimua kwa maji hadi ziwe kama maziwa zinakaa vizuri kabisa. Tatizo letu halijawahi kuwa rangi, ni papara. Mtu anapaka tabaka moja zito moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, macho ya kofia yanafukiwa, vidole vinakuwa kama gumba moja, halafu anasema rangi ni mbovu. Paka nyembamba, subiri ikauke, rudia. Baada ya hapo tia rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ijikusanye kwenye mikunjo, kisha pitisha brashi iliyofutwa rangi hadi karibu kavu juu ya kingo. Kitakoni tia gundi na mchanga wa ziwani uliooshwa. Haya nimeyafundisha kila Jumatano jioni kwa wiki 17, bure. Wastani wa waliokuja ni watatu.

Kuhusu andakoti ya Aprili, ile rangi ya kwanza inayopulizwa kabla ya nyingine, lawama imeletwa kwangu na naijibu. Vijisanamu 60 vya wanachama tofauti vilipulizwa siku moja, juu ya paa, katikati ya masika. Hewa ilikuwa na unyevu, rangi ikatua kama unga. Niliipanga siku ile kwa sababu Juni ilikuwa inakaribia na wenye vijisanamu walikuwa hawajaanza. Nilivichukua vyote nyumbani, nikavilaza kwenye spiriti usiku kucha, nikavisugua kwa mswaki kimoja kimoja. Vilivyotakata ni 52. Wenye vile vinane nimezungumza nao. Vanishi nayo tusipake usiku taa ikiwaka na madirisha wazi, hasa siku wale wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi kutoka majini. Kuna kijisanamu cha kifaru cha vita hapa chamani kina wadudu saba walioganda mgongoni, mabawa yakionekana kabisa, na hakuna namna ya kuwatoa bila kuibandua rangi.

Mahudhurio yameshuka, sitaficha. Kabla ya Juni tulikuwa wastani wa 14 kila Jumamosi, Agosti tukafika watano, Novemba tukarudi tisa. Wanaosema sababu ni rangi peke yake waangalie majina: saba kati ya waliopotea walikuwa wameanza kupotea tangu Januari, na wengine wana majeshi yaliyokamilika kupakwa. Mtu hasemi kitu kikaoni, haji Jumamosi, hajibu simu, kisha tunasikia amesema Mwenyekiti ameua chama. Hilo linaniumiza. Chumba hiki nakifungua mimi, nafagia mimi, na mara nyingi nakaa peke yangu hadi saa kumi nikisubiri mpinzani.

Na ada. Tulitarajia shilingi 1,860,000 kwa watu 31 wa shilingi 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 11, waliolipa kidogokidogo ni 12, ambao hawajatoa hata shilingi moja ni wanane. Jumla iliyoingia ni 1,015,000, pamoja na 60,000 za jeshi la Tyranid tulilouza kwa ridhaa ya mwenzetu wa Dodoma, yaani 1,075,000. Matumizi ni kodi 480,000, umeme 84,000, rangi, brashi, andakoti na vanishi 372,000, meza na mandhari 214,000, jumla 1,150,000. Pengo la 75,000 nimelilipa mfukoni mwangu na sijalidai. Nasikitika kusema kwamba kati ya wale wanane, watano wametumia rangi za chama.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kuendelea na utaratibu wa rangi, huku mwanachama mpya akipewa muda wa kutosha kwanza. Tunatamani kurudi kwenye ile shule, na Mungu akijalia kuwaalika wenzetu wa Bukoba na Musoma kama tutawapata. Suala la printa ya 3D limetajwa, tutaliangalia hali ya fedha ikiruhusu.

Brashi namba 0 tatu na kisu kimoja cha kukatia havijarudi kabatini tangu Septemba. Aliyenavyo avilete Jumamosi. Ufunguo wa kabati uko kwa Katibu.

Mwenyekiti,
Mwanza