Mazoezi ya Jumamosi: tunashughulikia mapito kati ya nyimbo

Habari za jioni wapendwa. Jana mliimba vizuri sana, hasa sauti ya tatu kwenye kipande cha West Side Story. Nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho kabisa na nilisikia kila neno.

Tatizo letu liko kati ya wimbo na wimbo. Onyesho hili ni nyimbo kutoka michezo mbalimbali ya kuigiza ya muziki, halina hadithi moja ya kuwashika watazamaji, kwa hiyo giza la kimya linabomoa tulichojenga. Jana nilihesabu sekunde 24, mtu anapapasa sakafuni akitafuta kofia. Kuanzia Jumamosi, wanaofuata wasimame pembeni ya jukwaa tangu ubeti wa mwisho wa wimbo uliotangulia, vifungo vimefungwa, kofia mkononi. Piano itaendelea taratibu mpaka wa kwanza afike kwenye alama yake ya utepe.

Mpangilio haubadiliki: Show Boat ya 1927, Oklahoma! ya 1943, kisha West Side Story ya 1957 inafunga nusu ya kwanza. Nataka watu wasikie wimbo ukibeba hadithi, si kuipamba tu.

Tafadhali sana, msirushe video mtandaoni. Kibali tulichopewa ni cha kuimba jukwaani peke yake.

Tuanze saa tatu kamili asubuhi. Njooni na maji na viatu vya jukwaani, raba ziacheni. Wenye koo linalokwaruza pumzisheni sauti, na msinong'one. Kunong'ona nako kunachosha koo.