Rangi ya poda kwenye rimu za aloi hushikwa na kilicho chini yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu rangi ya poda inayopakwa kwenye rimu za aloi za magari, kwa kuwa wenye magari wengi tunaahidiwa kwamba rangi hiyo haibanduki, lakini hatuelezwi ni kitu gani hasa kinachoizuia isibanduke.

Mimi mwenyewe niliiamini ahadi hiyo. Rimu zangu nne zilirudi kutoka kwa fundi zikiwa nyeusi tititi, laini, bila doa. Mwaka wa pili haujaisha, moja ikaanza kuota vijinundu karibu na tundu la valvu. Nilipokikwaruza kimoja kwa ukucha, rangi iliinuka kama ganda la kitunguu; chini yake palikuwa na unga mweupe wa alumini iliyolika, na kando ya unga huo vanishi ya zamani ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa, haijaguswa hata na msasa. Kwa maneno mengine, poda ilikuwa imeing'ang'ania vanishi vizuri kabisa, na vanishi ndiyo iliyoachana na rimu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza mafundi maswali mengi, pengine kupita kiasi.

Poda yenyewe haina ubaya. Ni plastiki iliyosagwa pamoja na rangi, ambayo hupulizwa ikiwa na chaji ya umeme ili ivutwe na rimu iliyounganishwa na ardhi, kisha rimu huingizwa kwenye tanuri mpaka poda iyeyuke na kushikamana kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 60 hadi 120 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndiyo maana huvumilia vijiwe vya barabarani kuliko rangi nyingi za maji maji. Poda nyingi huiva kwa nyuzi joto 180 hadi 200 kwa muda wa dakika 10 hadi 20, lakini dakika hizo huhesabiwa kuanzia pale rimu yenyewe inapofikia joto hilo, wala si pale tanuri linapowashwa. Rimu ni nzito na huchelewa kupata moto. Ikitolewa mapema, kwa macho huwezi kuitofautisha na iliyoiva, ila jiwe la kwanza litakalorushwa na tairi ndilo litakaloitambua.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya bunduki ya poda kushikwa. Rangi ya zamani inapaswa kuondolewa yote, kwa kemikali au kwa kupigwa mchanga, hata nyuma ya mikono ya rimu ambako hakuna anayetazama. Kwa kuwa rimu nyingi ni za alumini iliyomiminwa, zina vijitundu vinavyoficha hewa na mafuta, na vitu hivyo vikipata joto hutoka vikitoboa rangi mbichi. Fundi makini huioka kwanza rimu ikiwa tupu ili vitoke mapema. Halafu kuna hatua ambayo nimegundua inarukwa mara nyingi, nayo ni kuisafisha alumini na kuipa tabaka jembamba la kikemikali linaloizuia isilike na linaloisaidia rangi kushika. Hatua hiyo ikikosekana, kovu dogo tu latosha: maji yenye chumvi huingia hapo na kutambaa chini ya rangi yakichora mistari myembamba kama njia za minyoo, wakati juu rangi bado inaonekana nzima.

Aina ya poda nayo iulizwe. Epoksi hushika vizuri na huzuia unyevu, lakini juani hupauka na kutoa vumbi kama chokaa, kwa hiyo inafaa kuwa tabaka la chini na poliesta ikae juu.

Lipo jambo moja linalohusu usalama kuliko urembo, na nashangaa halisemwi sana. Mahali nati zinapokalia, na uso wa rimu unaogusana na habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungiwa, hapapaswi kuachiwa rangi nene. Rangi iliyobanwa chini ya nati husagika kidogo kidogo, mkazo unapungua, na nati iliyokazwa barabara asubuhi inaweza kulegea baadaye. Sehemu hizo zizibwe kabla ya kupuliza, na nati zikaguliwe upya kwa spana yenye kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100. Vilevile rimu iliyopinda au yenye ufa isifichwe chini ya rangi mpya, na isiokwe mara kwa mara kwa joto linalopita nyuzi 200, kwa sababu aloi nyingi za rimu hupewa nguvu zake kiwandani kwa joto lililopimwa na joto la kupita kiasi huzipunguzia nguvu hizo.

Wenye magari nasi tuna sehemu yetu. Dawa kali za asidi za kuoshea rimu, hasa zikimwagwa rimu ikiwa bado ya moto, huila rangi yoyote. Vumbi la breki likiachwa muda mrefu huganda. Na vipande vya uzito vya kusawazishia gurudumu, vile vya kugongomea ukingoni, huchubua rangi palepale kutu inapopenda kuanzia, hivyo afadhali vya kubandika kwa ndani.

Ombi langu kwa karakana ni kwamba mteja apewe karatasi inayoeleza rangi ya zamani iliondolewaje, ni tabaka gani lililotangulia na rimu iliokwa kwa joto gani. Dhamana nyingi nilizosoma zinafidia kubanduka lakini zinakataa michubuko ya mawe, ilhali kubanduka kwenyewe mara nyingi huanzia kwenye mchubuko huo, na bila karatasi hiyo mteja hana cha kubishia.

Zangu zote nne zinavuliwa rangi upya wiki hii. Nimemwomba fundi aniite nizione zikiwa tupu kabla hajapuliza chochote, naye amekubali, ingawa sauti yake haikuonyesha furaha.

Msomaji wako,
Mwenye gari