Karata arobaini na moja

Mwanangu,

Boksi ulilouliza limepatikana. Lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya mablanketi ya wageni, na mpira niliolifungia umekatika wenyewe kwa uzee ukagandia kwenye kifuniko. Nimezihesabu karata mara mbili: ziko 41. Wewe unakumbuka 40, na unakumbuka sawasawa. Hiyo ya ziada nitakueleza huko mbele, usije ukaitupa.

Umesema mtoto ametimiza miaka mitano na unataka mcheze kama tulivyokuwa tukicheza sisi, ule mchezo wa kumbukumbu wa visa vya Biblia: karata zimelazwa kifudifudi, kila mtu kwa zamu anafunua mbili, zikiwa jozi anaziokota, zisipokuwa anazirudisha. Nilifurahi, kisha nikaona haya kidogo. Wewe unakumbuka jioni za kucheka. Mimi nakumbuka kwamba nilikuwa mwamuzi mbaya. Kwa hiyo boksi halitakuja bila barua.

Huenda umesahau kwamba hizi si karata zetu za kwanza. Za kwanza zilikuwa za kununua, zimechapwa vizuri, jozi za picha zinazofanana: Nuhu wawili, Danieli wawili, Yona wawili. Nyinyi mlizipenda. Mimi zilinikera kila nilipofunua. Hawa alikuwa ameshika tofaa, na Mwanzo haitaji tofaa popote. Inataja tunda la mti ulio katikati ya bustani, basi. Yona alikuwa anachungulia kutoka kinywani mwa nyangumi, wakati kitabu chake kinasema samaki mkubwa. Mamajusi walikuwa watatu, kila mmoja juu ya ngamia wake, ilhali Mathayo hakuwahesabu. Alichotaja ni tunu tatu, dhahabu na uvumba na manemane, na ngamia hata hakuwagusa. Mama yako akaniambia niache kusahihisha vitu vya watoto kama mitihani. Sikumsikia. Siku dada yako aliposhikilia kwamba Nuhu aliingiza wanyama wawili wawili tu, "karata zinasema," nikamfungulia Mwanzo 7 palipoandikwa saba saba kwa wanyama walio safi, na usiku huo huo nikaanza kukata maboksi.

Kazi ilinila wiki nzima. Karatasi ya kwanza ilikuwa nyepesi, wino ukapenya, ukiiinua kwenye taa picha inaonekana kwa nyuma, na hapo hakuna mchezo tena. Nikahamia kwenye boksi gumu, nikabandika karatasi nyeupe upande wa picha na ya kahawia upande wa mgongo, zote kutoka bunda moja ili migongo isitofautiane. Pembe nikazikata mviringo kwa mkasi, maana pembe kali huchakaa haraka, na karata iliyochakaa hujitangaza yenyewe. Kuhusu kuchora, unajua mwenyewe. Simba wa Danieli ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Ngazi ya Yakobo ndiyo kazi yangu bora, kwa sababu ni mistari.

Zilitoka 40 kwa kuwa maboksi yaliisha. Bibi yako alipoziona akasema ni hesabu takatifu: siku arobaini za gharika, siku arobaini za Musa mlimani, siku arobaini za Bwana jangwani. Sikumkatalia. Nilimhitaji upande wangu, kwa sababu neno lenyewe, karata, lilikuwa halimpiti kooni. "Hata wale askari chini ya msalaba walianza hivi hivi," alisema, "mchezo mchezo, mwisho wakaipigia kura kanzu ya Bwana." Nikamjibu kwamba mitume nao walimpata Mathiya kwa kura. Akaniambia nisimchezee Maandiko kwa Maandiko, kuna mmoja alijaribu hivyo jangwani na hakufika mbali. Nikaenda kutafuta hoja nyingine. Nikamweleza kwamba hapa hakuna dau. Kwamba kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani ilianza kuuchapisha mchezo huu mwaka 1959, wa kuchezwa nyumbani na watoto. Kwamba Wajapani wa kale walikuwa na wa kwao unaofanana nao, wakitumia makombe ya baharini, kwa kuwa nusu mbili za kombe moja hushikana zenyewe kwa zenyewe na hazikubali nusu ya kombe jingine. Ujerumani haikumgusa. Makombe yaliingia. "Kama ndoa," akasema, akavuta kiti.

Sasa nije kwenye lile linalonikaa rohoni.

Nilipotengeneza karata zangu sikutaka picha mbili zinazofanana. Nilitaka mtu na kitu chake, ili asiyejua kisa asiweze kuokota jozi. Daudi na kombeo. Zakayo na mkuyu. Rahabu na kamba nyekundu dirishani. Yusufu na kanzu, Eliya na kunguru, Balaamu na punda, Yona na samaki, Petro na jogoo. Nilijiona nimefanya jambo kubwa, na kwa kweli lilikuwa jambo, maana ndani ya mwezi mmoja mlikuwa mnanidai visa ambavyo hata mimi nilikuwa navikumbuka nusu nusu. Lakini nilichora jozi 20 na kichwani nikaziandikia majibu 20.

Ulikuwa na miaka sita. Zilikuwa zimebaki karata chache mezani, dada yako anaongoza. Ukamfunua Petro. Ukakaa, ukauma mdomo, kisha mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini ukamfunua samaki. Ukazikusanya zote mbili. Nikakuambia rudisha. Ukasema, "Petro ni mvuvi." Nikasema samaki yule ni wa Yona. Ukasema, "Kwani samaki ana jina?" Dada yako akacheka, nami nikadhani unaniletea ujanja kwa sababu unashindwa, nikazichukua karata mkononi mwako na kuzilaza kifudifudi mwenyewe. Ukashuka kwenye kiti ukaenda kulala bila kuaga mtu. Bibi yako aliniangalia tu. Kwa yule mama, kuangaliwa tu ilikuwa adhabu.

Miaka mingi baadaye, wewe umeshaondoka nyumbani, nilikuwa nasoma Mathayo 16 kwa shughuli nyingine kabisa, nikafika pale Petro anapokiri na Yesu anamjibu, "Heri wewe Simoni Bar-yona." Bar ni mwana wa. Mwana wa Yona. Nilikuwa nimeupita mstari ule sijui mara ngapi. Nikaweka kitabu chini nikakuona na miaka yako sita, umeshika karata mbili kifuani.

Nikaanza kufuatilia, na mambo hayakuishia kwenye jina. Yona alipomkimbia Mungu ili asiende kwa watu wa mataifa, alishuka mpaka Yafa akapanda merikebu. Petro naye alikuwa Yafa, katika Matendo 10, aliposhukiwa na ile nguo kubwa yenye wanyama, na wajumbe wakabisha hodi wakitaka aende kwa Kornelio, mtu wa mataifa. Mji ule ule, wito ule ule. Mmoja akakimbia, mwingine akateremka akaenda. Na kuhusu samaki wa Petro, yuko pia yule wa Mathayo 17, aliyekutwa na fedha mdomoni ya kulipia kodi ya hekalu. Wewe hukuyajua haya, sikusingizii unabii. Ulijua tu kwamba mvuvi na samaki wana uhusiano, na hilo lilitosha kabisa. Mimi niliyejifanya mwalimu ndiye nilikuwa na jibu moja.

Na haikuwa mara moja. Ulikataa kumweka Kaini na Abeli kwenye rundo moja kwa sababu "hawapatani," ukawa unawaweka mbali, mmoja kila mwisho wa meza, na mimi nikikusumbua uzipange vizuri tuhesabu. Dada yako aliuliza kwa nini Hawa nimempa nyoka na Adamu nimempa bustani nzima. Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, nakumbuka tu kwamba kilikuwa kirefu. Ukiangalia karata ya bustani ya Adamu utaona ina nyoka mdogo wa kalamu nyekundu pembeni. Si wangu. Ni wa dada yako, na kwa maoni yangu sasa ni sahihisho la haki.

Basi kuhusu mjukuu wangu. Usimwekee zote 40. Anza na jozi sita, karata 12, safu tatu za nne nne, ambazo visa vyake amekwisha kuvisikia kwako. Akizimudu ongeza mbili mbili. Zipangeni kwenye mistari iliyonyooka, na jozi ikiondoka msizisogeze zilizobaki kujaza pengo, kwa sababu mtoto hakariri karata, anakariri mahali. Mkifika 40 mwambie asivunjike moyo mwanzoni: ukifunua ya kwanza zinabaki 39, na moja tu ndiyo mwenzake, kwa hiyo zamu za mwanzo ni za kupeleleza. Anayekosa afunue polepole, zote zionekane na wote, ndipo azirudishe. Nyumbani kwetu ugomvi wote uliobaki, ule usiokuwa wangu, ulitokana na dada yako kufunua na kufunika kama mtu anayeua nzi.

Atakuja pia kugundua ule ujanja wake: ukifunua karata mpya ambayo mwenzake hujamjua, ya pili unafunua ile iliyokwisha kuonekana, ili mpinzani asipate habari mpya. Ni halali. Wewe uliuita uchoyo na hukuutumia hata siku moja, ukashindwa mara nyingi kwa msimamo huo. Usimchagulie.

Karata ya Eliya ina kona iliyokunjika. Ilikunjika siku ile maji yalipomwagika, na tangu hapo kila mtu nyumbani alijua Eliya yuko wapi na kila mtu alijifanya hajui. Niliwahi kufikiria kuichora upya. Iache, ataigundua mwenyewe.

Sasa ile ya 41. Unakumbuka punda wa Balaamu alipotea, tukafagia uvunguni na taa mkononi kama yule mwanamke wa Luka 15, hakuonekana, na wewe ukachora mwingine. Punda wako ana mdomo wazi na meno mengi kuliko inavyohitajika, kwa sababu ulisema kama anaongea lazima aonekane anaongea. Tukamzoea. Bibi yako alipofariki, nilikuwa napanga vitu vyake, nikafungua Biblia yake na punda wangu akadondoka mapajani. Alikuwa alama ya ukurasa. Ningependa kukuambia alikuwa kwenye Hesabu 22, ila alikuwa kwenye Zaburi, katikati ya ile ndefu ya 119, ambayo mtu yeyote angehitaji kuweka alama na kupumzika. Yule aliyekataa karata nyumbani mwake alikaa na moja miaka yote ile. Nimewaweka punda wote wawili ndani ya boksi. Wa kwako ndiye wa kuchezea. Mgongo wake umefifia kidogo, lakini hautofautiani sana.

Jana usiku, kabla ya kufunga boksi, nilimwomba mama yako tujaribu kwa kanuni mpya: unaweza kuokota karata zozote mbili, mradi uwasimulie wenzako kinachoziunganisha na wakubali. Nilikuwa na hamu ya kumpa Petro samaki wake, hatimaye. Nikafanya hivyo, nikasimulia Bar-yona na Yafa na yote, mama yako akakubali kwa kichwa huku akiangalia saa.

Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba nikiwaondoa wale wawili, wenzao wanabaki bila mtu. Tukaendelea, meza ikapungua, mpaka zikabaki karata mbili zinatazamana: Yona na jogoo. Nikasema hizo hazina jozi, mchezo umekwisha, tuhesabu.

"Nani kasema?" mama yako akauliza. "Si alilala usingizi mzito chini ya merikebu wakati wa dhoruba, mpaka nahodha akaja kumwamsha?"

Akazichukua zote mbili. Amenishinda kwa jozi hiyo, na tangu asubuhi anawika kila nikipita jikoni.

Baba yako