Kwa mdogo wangu wa visheti

Mdogo wangu,

Stetasi zako nazionea kwenye simu ya wifi yako. Kwangu hazifiki, na kila mwenye WhatsApp anajua maana yake: namba yangu umeifuta, au umenificha. Sawa. Ndiyo maana nakuandikia hapa penye watu, kwa kuwa mbele za watu ndipo nilipokukosea, kama ni kukosea.

Juzi umepandisha picha 14 za visheti kwa mpigo. Nani atabonyeza mara 14? Tatu zinatosha: vikigaragazwa kwenye shira, boksi likiwa limefungwa, na moja yenye bei. Bei andika, mama! Hiyo "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mwenye 5,000 yake mfukoni anaona haya kuuliza, anajiambia lazima ni 20,000, anapita. Na stetasi huishi saa 24 tu, kwa hiyo ya juzi leo haimwuzii mtu.

Halafu brodikasti. Unalalamika kwa wifi yako kwamba unatuma na watu hawajibu. Orodha moja inabeba watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Unapomkabidhi mtu boksi, simama hapo mpaka aiandike. Marehemu mama hakuwa na simu ya maana, ila nyuma ya mlango wa jiko alikuwa na zile alama zake za mkaa: nani huchukua mkate wa kumimina kila Alhamisi, nani ana harusi mfungo ngapi. Akipita mlangoni kwa mtu, anauliza tu, "Mwanao mwezi ujao, siyo?" Oda imeshaingia. Wewe ulirithi mkono wake. Aliyeupaka rangi mlango ule ni mimi, najua, usinikumbushe.

Na yule kijana anayekuuzia wafuasi, usimpe hata senti. Wafuasi wa kununua hawali visheti. Hela hiyo nunua unga, ukaonjeshe kwenye ofisi mbili tatu siku ya mishahara.

Sasa siku ya arobaini ya mama.

Hukulala usiku ule, nilikuwa nausikia moto wa jikoni. Alfajiri nikakuta maboksi yamepangwa barazani, kila moja na stika: jina la mama, chini yake namba yako. Nikaketi nikaanza kuzibandua. Wazee wanaingia, mashangazi wanatazama, mimi nabandua tu. Ulipotokea na birika la kahawa nikakutupia ile methali, tena kwa sauti: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hukujibu. Uliweka birika chini, ukaziokota stika moja moja, ukawa unazibandika mkononi mwako, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Ukamimina kahawa hivyo hivyo, asubuhi nzima. Kila kikombe nilichopewa kilikuja na mkono ule.

Lakini nami nisikilize. Mkubwa ni mimi, macho yote yalikuwa kwangu. Palikuwa na mtu ameshanong'ona kwamba watoto wanauza sanda ya mama yao. Na jina la mama hukuniomba. Ungeuliza ningekwambia uweke stika ndani ya boksi, mtu aikute kwake. Baadaye nikasikia shangazi wa Pongwe alifunga stika moja kwenye pindo la kanga yake, na harusi ya mwanawe ukaipika wewe. Kwa hiyo hata kubandua kwangu kulikutangazia. Sidai kamisheni.

Methali yenyewe imenila mimi pia. Nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi nilikaa miezi nikingoja kizuri kijiuze. Nikakodi gari la matangazo siku mbili, lizunguke Ngamiani, Tanga, barabara zote za namba. Lilitaja jina langu na ukoo wangu, likanisifu, halikusema nauza nini. Watu wakadhani nagombea udiwani. Walioniokoa ni mafundi: ukimlipa fundi vizuri kwa mteja aliyemleta, hana haja ya spika. Mafundi wako wewe ni wapambaji na washereheshaji. Wape boksi bure mara moja.

Ukitaka kuingia madukani, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya kwenda TBS, wale wa viwango vya ubora. Usiogope foleni.

Na ule ufunguo wa kabati la mama mpe wifi yako. Si jambo la kuandika hapa, ila nitakwambia wapi?

Idi hii wifi yako atakuagiza kilo tatu. Ni zangu. Chukua bei kamili. Stika usiiweke ndani.